Gramu Sitini na Mbili

Ukurasa wa arobaini na moja, daftari la kituo cha Konde,
kati ya Faki Shaame, magunia mawili ya karafuu kavu,
na Bi Mize Kombo, kanda moja la makonyo,
upo mstari nilioandika kwa mkono wangu:
"Kwezi. Hana kijiji. Gramu sitini na mbili."

Mkaguzi kutoka Unguja aliupiga wino mwekundu.
"Karani, hiki nini?"
Nikamwambia, keti bwana, kina maelezo yake.

Ilikuwa Disemba. Majamvi yametandwa hadi ukingo wa lami,
mji mzima unanukia dawa ya jino.
Kijana wa Bi Mize akaja na kofia ameikunja mkononi,
manati shingoni, macho chini.
"Nimempiga. Sikujua kama mgeni."

Ndani ya kofia: kichwa cheusi, kishungi kimelala,
mgongo na tumbo rangi ya, nisemeje,
ya ndani ya pera lililoiva
likaangukia vumbini.
Kwezi wetu tunawajua,
weusi wa kumeremeta, mafuta ya taa juu ya maji.
Huyu hakuwa wao.

Nikamweka kwenye mizani ndogo, ile ya sampuli.
Usiniulize kwa nini.
Kitu kikiletwa mbele yangu hupimwa.
Sindano ikatetemeka kwa mapigo ya moyo wake,
ikakataa kutulia kama inavyotulia kwa karafuu.

Mwalimu Asaa wa skuli akaja na kitabu cha picha,
akalowesha kidole, akafunua, akafunua.
"Kwao mbali. Kaskazini, nyuma kabisa ya India,
nyika za baridi zisizo na mnazi hata mmoja.
Hutaga maelfu kwa maelfu katika mianya ya mawe,
pale tu penye nzige.
Nzige wasipotokea hawakai matanga,
huondoka wote wakajaribu mlima mwingine.
Baridi ikikaza huteremka Bara Hindi, wakatua hapo.
Bahari hii hawaivuki."
"Na huyu?"
"Huyu kavuka."

Akageuza ubawa kwa ncha ya penseli.
"Na hii rangi, msidhani kaivaa mpya.
Unyoya humea na pindo la hudhurungi,
waridi limefichwa chini yake.
Pindo huliwa na upepo, na mawe, na jua,
kidogo kidogo, miezi,
hata msimu wa kuposana ukiingia
la chini limekuwa juu.
Wengine huvaa wakapendeza.
Huyu huchakaa."

Nikaangalia vidole vyangu,
miaka thelathini na moja ya magunia,
mafuta ya karafuu yamekula alama za dole gumba.
Siku ile nilisahau kumpa Bi Mize risiti yake.

Nyuma ya kituo kuna mforsadi
uliopandwa na mwenye duka ambaye jina lake limebaki nusu,
herufi tatu juu ya mlango.
Hakuna anayeuchuma ila watoto.
Ndege alipopata nguvu tukamweka tawini
naye akaangalia, akaangalia,
kisha akala kama mtu aliyekuta sahani ya nyumbani kwao
katika harusi ya watu baki.

Siku tatu alikuwepo, mdomo wote zambarau.
Kijana akalala chini ya mti mchana kutwa,
akiwafukuza kunguru kwa manati ile ile.
Siku ya nne, mti, na kijana, na shingo yake juu.

Mkaguzi alisikiliza, kalamu hewani.
"Lakini hesabu haikai. Gramu sitini na mbili zimeingia,
sizioni zilipotoka."
Zimetoka, nikamwambia,
na nadhani zilikuwa sabini zilipotoka,
ila sikuwa na mizani ya kuzifuata.

Akatazama mstari ule kwa muda.
Akafunika kalamu yake.
Akauliza forsadi zinaiva mwezi gani.